WAKILI ALIYEKUWA BWANA WA TELEVISHENI



Hapana swali niulizwalo na wazazi wa watoto wa chuo mara nyingi kama hili: "Mwalimu, hii televisheni tuiache nyumbani au tuitoe?" Mimi nilizaliwa Tanzania Bara wakati ambapo televisheni haikuwapo huku kwetu kabisa, wala haikuanza kuonyesha mpaka mwaka 1994, nami ni mtu mzima. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Sidai kuijua mitambo. Lakini najua kwamba kitu usichojua kimetoka wapi huwezi kukihukumu kwa haki. Kwa hiyo nimejitahidi kusoma khabari za watu waliokifanya chombo hiki kuwa kama kilivyo leo, na katika hao nimemwona mmoja ambaye khabari zake zafaa kusomwa katika nyumba zetu.

Kioo kile hakisemi chenyewe. Nyuma yake wako watu waliokaa barazani na makaratasi mbele yao, wakapatana mtoto wako aone nini saa mbili ya usiku, na nani alipe gharama zake. Mmoja wao alikuwa Leonard Goldenson wa Marekani, aliyeanza maisha yake kuwa wakili, kisha akashika usukani wa mtandao wa televisheni uitwao ABC kwa zaidi ya miaka 30. Katika maisha yake mna mafunzo mawili: moja juu ya kazi, na jingine juu ya mtoto. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

WAKILI WAKATI WA DHIKI

Goldenson alizaliwa tarehe 7 Disemba 1905 katika mji mdogo uitwao Scottdale, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka. Kijana akasoma mpaka akafika Chuo Kikuu cha Harvard, na huko akasomea sheria, akahitimu mwaka 1930.

Ulikuwa wakati mbaya. Mwaka uliotangulia soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka, mabenki yakafunga milango, na watu waliokuwa matajiri jana wakawa hawana kitu leo. Wakili kijana aliyetafuta kazi siku zile alikuwa kama mvuvi aliyetia nyavu bahari ilipokupwa.

Mwaka 1933 kampuni kubwa ya sinema ya Paramount ilifilisika. Ilikuwa na majumba mengi ya sinema katika majimbo ya kaskazini-mashariki yaitwayo New England, na yote yalikuwa yameelemewa na madeni. Goldenson akaajiriwa asaidie kuyapanga upya. Kazi ile haikuwa ya kusimama mbele ya hakimu na kunena kwa ufasaha. Ilikuwa kazi ya kukaa na anayedai na anayedaiwa, kusoma mikataba ya kukodi nyumba neno kwa neno, kuona ni jumba lipi litaishi na lipi lazima lifungwe, na kumfanya kila mmoja akubali kupoteza kidogo ili wote wasipoteze vyote. Aliifanya vizuri hata wakubwa wa Paramount hawakutaka aondoke. Ilipofika mwaka 1938 alikwisha kukabidhiwa usimamizi wa majumba yote ya sinema ya kampuni ile.

Hivyo ndivyo wakili alivyogeuka kuwa mfanyabiashara, ingawa uwakili wenyewe hakuuacha. Aliubeba moyoni, ukawa silaha yake mpaka mwisho.

HUKUMU MBILI ZILIZOFUNGUA MLANGO

Siku zile kampuni kubwa za sinema za Marekani zilikuwa zikitengeneza filamu, na zenyewe ndizo zenye majumba ya kuzionyeshea. Mtu mdogo hakuwa na nafasi. Serikali ikazishitaki mwaka 1938, na baada ya miaka kumi, katika Mei 1948, Mahakama ya Juu ya nchi ile ikatoa hukumu dhidi yao. Paramount ikalazimika kujigawa: watengenezaji wa filamu huku, na wenye majumba kule. Ile sehemu ya majumba ikawa kampuni ya peke yake kuanzia mwaka 1950, na mkubwa wake akawa Goldenson.

Hukumu hiyo iliiamuru pia kampuni yake mpya iuze sehemu kubwa ya majumba yake. Kwa hiyo fedha zilikuwa zikiingia, ilhali biashara yenyewe ilikuwa ikipungua, kwani watu walianza kukaa nyumbani na kutazama kile kisanduku kipya. Wenzake wengi wa sinema waliiona televisheni kuwa adui wa kupigwa vita. Yeye aliona kwamba maji yamebadili njia, na mwenye akili huhamisha ndoo yake.

Amri ya pili ilikuwa ya zamani kidogo. Kampuni ya NBC ilikuwa na mitandao miwili ya redio, na serikali ikaona kuwa miwili kwa mwenyewe mmoja ni mingi mno. Mwaka 1943 mmoja ukauzwa kwa dola milioni 8 kwa Edward Noble, mtu aliyepata mali yake kwa kuuza peremende. Mtandao huo ndio ulioitwa ABC baadaye. Noble alianza televisheni mwaka 1948, lakini mfuko wake haukutosha kushindana na wakubwa.

Mwaka 1951 Goldenson na Noble wakapatana kuunganisha kampuni zao. Tume ya serikali inayosimamia mawasiliano ikalichunguza jambo hilo karibu miaka miwili, ndipo katika Februari 1953 ikatoa idhini. Mapatano yalikuwa ya dola milioni 25. Basi tazameni jinsi mambo yanavyokwenda: amri mbili zilizokusudiwa kuvunja ukiritimba wa wakubwa ndizo zilizomjengea wakili huyu nyumba yake.

WA TATU KATIKA WATATU

Pengine msomaji atauliza, mtandao ni nini? Ni kampuni moja inayotengeneza au kununua maonyesho, kisha huyapeleka kwa stesheni nyingi zilizotapakaa nchini, na wenye kutangaza bidhaa zao huilipa kwa kadiri ya watu wanaotazama. Penye stesheni nyingi pana watazamaji wengi, na penye watazamaji pana fedha.

Wakubwa walikuwa wawili: NBC, chini ya David Sarnoff, mhamiaji kutoka dola ya Urusi aliyeanza kwa kupeleka simu za upepo, na CBS, chini ya William Paley, mtoto wa mtengeneza sigara. ABC ilikuwa ya tatu, na umbali kati yake na hao wawili ulikuwa mkubwa. Tangu mwaka 1948 mpaka 1952 tume ile ilikuwa imesimamisha kutoa leseni mpya, kwa hiyo miji mingi ilikuwa na stesheni moja au mbili tu, nazo zilikwisha kujiunga na wakubwa. ABC ingeweza kuwa na onyesho zuri, na katika miji hiyo isipate pa kulionyesha.

Hapa ndipo ulipoonekana uwakili wake. Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni, alitaka kujenga bustani kubwa ya michezo huko California, na mabenki yalisita kumkopesha. Wakubwa wa televisheni walimtaka awape filamu, lakini hawakutaka kuingia katika khatari ya bustani. Goldenson alikubali yote mawili. Mwaka 1954 ABC ilitoa dola 500,000, ikadhamini mikopo ya dola milioni 4 na nusu, ikapata zaidi ya thuluthi ya bustani ile, na juu yake Disney akafungwa kwa mkataba kuipa onyesho la kila juma. Onyesho hilo lilianza Oktoba 1954, na bustani ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Mwaka 1960 Disney akakinunua tena kile kifungu cha ABC kwa dola milioni 7 na nusu.

Mwaka uliofuata mapatano hayo, Goldenson aliishawishi kampuni ya Warner Brothers itengeneze filamu za televisheni. Kabla ya hapo kampuni kubwa za Hollywood zilikuwa zikiikimbia televisheni, na maonyesho mengi yalichezwa hapo hapo studioni na kupelekwa hewani papo kwa papo. Baada yake mitandao yote ilifuata njia hiyo ya filamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wakili huyu aliinama.

HAPA ALITELEZA

Lakini sitaki kumpamba mtu kupita kadiri. Mtu wa tatu akikimbia kuwafikia wawili walio mbele, mara nyingi hatazami anakanyaga nini. ABC ilitafuta vijana na familia changa, na njia rakhisi ya kuwavuta ilikuwa bastola na ngumi. Tangu mwaka 1959 ilionyesha hadithi za polisi na majambazi wa Chicago ziitwazo The Untouchables, zilizojaa risasi na damu, na Wamarekani wenye asili ya Italia wakalalamika kwamba jina lao linachafuliwa. Baraza la Seneti likafanya uchunguzi juu ya jeuri katika televisheni na madhara yake kwa vijana, na maonyesho ya ABC yalitajwa sana.

Katika Mei 1961 Newton Minow, naye pia wakili, aliyekuwa ndiye mwenyekiti wa tume ya mawasiliano, alisimama mbele ya wenye stesheni wa nchi nzima akawaambia kwamba kazi yao imekuwa jangwa kubwa. Mawakili wawili, chombo kimoja: mmoja alihesabu watazamaji, mwingine aliuliza watazamaji hao wanalishwa nini. Nasi tukiwa wazazi hatuna budi kuuliza swali la huyu wa pili kila usiku, kwani la kwanza lina watu wa kutosha wa kuliuliza.

MAMBO YANAYOTUHUSU SISI

Pamoja na hayo, mlango ule ule ulipitisha na mema. Goldenson alikuwa na tabia ya kuchagua watu hodari na kuwapa nafasi. Mmoja alikuwa Roone Arledge, aliyeanzisha mwaka 1961 onyesho la michezo ya dunia nzima. Mwingine alikuwa mtangazaji Howard Cosell, ambaye, kama bwana wake, alikuwa wakili kabla hajaingia katika kazi hii. Mwaka 1964 bingwa wa ngumi wa dunia alipotangaza Uislamu wake na kujiita Muhammad Ali, magazeti mengi yaliendelea kumwita kwa jina la zamani. Cosell alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kwanza kumwita kwa jina alilolichagua mwenyewe. Na Ali alipokataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967 akanyang'anywa ubingwa, Cosell alimtetea mbele ya watu wakati kumtetea kulikuwa na gharama.

La pili ni kubwa zaidi. Usiku nane mfululizo, tangu tarehe 23 mpaka 30 Januari 1977, ABC ilionyesha Roots, hadithi iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, ya kijana Kunta Kinte wa Juffure, nchi ya Gambia, aliyekamatwa na kuuzwa utumwani Marekani. Kunta alikuwa Mmandinka na Mwislamu. Wataalamu wa historia walikuja kuitilia shaka nasaba aliyoiandika Haley, na jambo hilo si la kufichwa. Lakini utumwa wenyewe hauna shaka, wala hapana shaka kwamba miongoni mwa waliopakiwa katika majahazi yale walikuwamo Waislamu wengi. Usiku wa mwisho walitazama watu kiasi cha milioni 100. Wamarekani wengi, ndani ya nyumba zao, wakamwona kwa mara ya kwanza Mwafrika mwenye baba, mwenye mama, mwenye dini na mwenye jina lake. Msimu huo huo wa 1976 na 1977 ABC, iliyokuwa ya tatu tangu kuzaliwa kwake, ikawa ya kwanza.

MTOTO WAKE

Sasa nafika kwenye lile lililonishika.

Goldenson na mkewe Isabelle walioana mwaka 1939. Binti yao wa kwanza alipatwa na maradhi yanayoitwa mtindio wa ubongo. Maradhi haya hayaambukizi, wala si laana, wala si kazi ya majini. Ubongo wa mtoto hupata dhara kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au punde baada yake, na kwa sababu hiyo viungo vyake havimtii: mikono hukakamaa, miguu hukataa kusimama, ulimi huwa mzito. Wengi wao akili zao ni salama kabisa, wanasikia kila neno lisemwalo juu yao.

Marekani ya siku zile ilikuwa na mali nyingi, lakini kwa mtoto wa namna hii ilikuwa maskini. Shule hazikumtaka, waganga wengi walishauri apelekwe mbali akafungiwe katika nyumba za walemavu, na jamaa waliona haya kumtaja. Goldenson na mkewe hawakukubali. Wakaungana na wazazi wengine wawili wenye mtoto kama wao, Jack Hausman na mkewe Ethel, wakatia tangazo katika gazeti la New York kuwaita wazazi wenye watoto wenye maradhi hayo. Mamia ya watu wakajibu. Fikirini jambo hilo: mamia ya nyumba katika mji mmoja, kila nyumba ikidhani ni peke yake!

Kutokana na mwito ule kikazaliwa, mwaka 1949, chama cha taifa kiitwacho United Cerebral Palsy, ambacho kilienea nchi nzima, kikafungua mahali pa kuwafundisha watoto, kikagharimia uchunguzi wa waganga, na kikadai haki zao mbele ya serikali. Hapo ndipo televisheni ilipotumika kwa jambo ambalo hapana mtu atakayelilaumu. Tangu miaka ya 1950 chama kilifanya maonyesho marefu ya saa nyingi mfululizo, ambamo watu mashuhuri walijitolea bila malipo, watoto wenyewe wakaonekana na kusikika, na watazamaji wakapiga simu kuahidi fedha. Watoto waliofichwa vyumbani wakaonekana sebuleni kwa watu.

Nawaambieni kwa nini khabari hii ilinitoa usingizi. Miaka kiasi cha 20 iliyopita mama mmoja alinijia chuoni akiwa amempakata mtoto wake, mkubwa wa kutosha kuanza alifu. Viungo vyake vilikuwa vimekakamaa, na udenda ukimtoka. Mama akasema, "Mwalimu, huyu anasikia. Ukimsomea anatulia." Mimi nikamtazama mtoto, nikawatazama watoto wengine waliokuwa wakicheka, nikamwambia yule mama kwamba chuo changu hakina nafasi. Uongo ulikuwa huo. Nafasi ilikuwapo, kilichokosekana ni moyo wangu. Mama akashukuru, akambeba mwanawe, akaenda zake. Mtoto yule alikufa kabla sijapata ujasiri wa kwenda kubisha hodi kwao. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomesha watoto Sura ya Abasa, na kuwaeleza kuwa iliteremka kwa ajili ya kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, ambaye baadaye aliadhini Madina na akaachiwa usimamizi wa mji Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini. Nilisomesha na sikusoma.

MWISHO WA KAZI YAKE

Mara mbili Goldenson alikaribia kupoteza kampuni. Kwanza alitaka kuiunganisha na kampuni kubwa ya ITT, lakini Wizara ya Sheria ilipinga, na tarehe 1 Januari 1968 ITT ikajitoa. Mwaka huo huo tajiri Howard Hughes alijaribu kuinunua kwa nguvu. ABC ikampinga mahakamani na mbele ya tume, na Hughes, aliyekuwa akijificha na watu, akaacha.

Mwaka 1985, akiwa karibu kutimia miaka 80 na hana mrithi aliyemridhia, alikubali ABC inunuliwe kwa dola bilioni 3 na nusu na kampuni ya Capital Cities, iliyokuwa ndogo kuliko ABC yenyewe. Mauzo yakakamilika Januari 1986. Miaka kumi baadaye kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Disney, ile ile iliyosaidiwa bustani yake mwaka 1954. Goldenson aliliona hilo kwa macho yake, akafa katika Disemba 1999, umri wake miaka 94. Binti yake alimtangulia.

MAZINGATIO

Sasa nawajibu wale wanaoniuliza kama televisheni itoke au ikae. Jueni kwanza kwamba waliokiweka kile kioo ni watu wa mapatano, nao wana mkataba kwa kila saa. Basi na nyumba iwe na mkataba wake: saa ipi, onyesho lipi, na nani mkubwa atakaa na watoto. Nyumba isiyo na mkataba itafuata mkataba wa mwenye kuuza sabuni.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtu huyu alipatana na matajiri, mahakama na serikali, akapata mali na jina; lakini katika yote aliyoyafanya, lile ambalo mama maskini wa nchi ya mbali angelishukuru lilianza siku aliyokataa kumfungia mwanawe chumbani. Katika mitaa yetu wamo watoto walio nyuma ya pazia hivi sasa, wanasikia adhana na hawajapata kuletwa chuoni. Kama unaye, mlete. Kama jirani yako anaye, nenda kabishe hodi leo, wala usingoje kama nilivyongoja mimi. Na sisi walimu tupange mkeka karibu na ukuta, mtoto apate pa kuegemea, tumsomee. Akitulia, tujue kwamba anasoma.

Chuoni kwangu mkeka huo sasa upo, na wako wawili wanaoukalia.